Barua mbili za msaada wa kifedha: namna ya kuzilinganisha kabla ya tarehe 1 Mei

Mtoto anapodahiliwa na vyuo viwili au zaidi nchini Marekani, barua za udahili huleta furaha nyumbani, lakini barua zinazofuata, zile za msaada wa kifedha, ndizo zinazoamua hasa atasoma wapi, na uamuzi huo kwa kawaida hutakiwa, pamoja na amana, kufikia tarehe 1 Mei. Ugumu wake ni kwamba vyuo haviziandiki kwa mtindo mmoja. Kimoja huorodhesha mikopo chini ya kichwa kile kile cha ruzuku, kingine hutaja ada ya masomo pekee na kunyamazia malazi, na kingine huandika vifupisho pale ambapo mzazi alihitaji kuliona neno "mkopo". Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani, GAO, ilizichunguza barua hizi na katika ripoti yake ya mwaka 2022 ikakadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havikuionyesha kabisa gharama halisi inayobaki kwa familia, au viliionyesha ikiwa pungufu kuliko ilivyo. Mzazi anayechanganyikiwa mbele ya barua hizo basi asijilaumu.

Kwa maoni yangu, kulinganisha barua hizi kwa kutazama jumla ya msaada ulioahidiwa ni sawa na kulinganisha maduka kwa ukubwa wa punguzo bila kuuliza bei. Kinachopaswa kulinganishwa ni kile kinachobaki baada ya kuondoa fedha zisizorudishwa tu, yaani ruzuku na ufadhili, na kilinganishwe kwa miaka yote minne badala ya mwaka wa kwanza pekee.

Tuchukue mfano wa kubuni wa binti aliyedahiliwa na chuo cha binafsi kilicho mbali na nyumbani na pia na chuo kikuu cha serikali katika jimbo analoishi. Barua zake, zikipangwa bega kwa bega, zinasomeka hivi, kwa dola za Marekani na kwa mwaka mmoja wa masomo:

| Kipengele | Chuo cha binafsi | Chuo kikuu cha jimbo |
|---|---|---|
| Ada ya masomo na tozo | 56,500 | 13,000 |
| Malazi na chakula | 16,000 | 13,500 |
| Vitabu, usafiri na matumizi | 3,500 | 4,500 |
| Gharama ya jumla | 76,000 | 31,000 |
| Ruzuku ya Pell (ya serikali kuu) | 2,395 | 2,395 |
| Ruzuku ya jimbo | – | 3,000 |
| Ruzuku ya chuo | 38,000 | 4,500 |
| Ufadhili wa ufaulu | 8,000 | – |
| Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi | 5,500 | 5,500 |
| Kazi ya chuoni | 3,000 | – |
| Mkopo wa PLUS wa wazazi (wa serikali kuu) | 19,105 | – |
| "Jumla ya msaada" | 76,000 | 15,395 |

"Mama, hawa wa binafsi wametumalizia kila kitu," anasema binti. "Ona hapa chini, salio wameandika sifuri."

"Sifuri ya nani? Hebu nipe kalamu, mwanangu."

Mama anaanza kukata mistari kutoka chini kwenda juu. Anaukata mkopo wa PLUS, kwa kuwa atakayeulipa ni yeye mwenyewe, pamoja na riba. Anaikata kazi ya chuoni, kwa kuwa huo ni mshahara ambao binti bado hajaufanyia kazi. Anaukata mkopo wa mwanafunzi, kwa kuwa ni deni la binti. Inabaki mistari mitatu tu: Pell, ruzuku ya chuo na ufadhili wa ufaulu, ambayo kwa pamoja ni dola 48,395. Ile sifuri imegeuka kuwa dola 27,605 kwa mwaka. Akiifanyia kazi hiyo hiyo barua ya chuo kikuu cha jimbo, iliyoonekana ya kinyonge kwa msaada wake wa dola 15,395, zinabaki fedha zisizorudishwa dola 9,895, na gharama halisi ni dola 21,105. Barua iliyokuwa imepangwa vizuri zaidi ndiyo ya gharama kubwa zaidi, kwa dola 6,500 kila mwaka.

Mfano huu hautoi hukumu kwamba chuo cha serikali ndicho rahisi siku zote. Vyuo vya binafsi vyenye akiba kubwa mara nyingi huwa nafuu kuliko chuo cha jimbo kwa familia yenye kipato cha chini au cha kati. Harvard, kwa mfano, kuanzia mwaka wa masomo wa 2025–26 hugharimia kila kitu kwa familia zenye kipato cha mwaka kisichozidi dola 100,000 na mali za kawaida, na huondoa ada ya masomo kwa zile zisizozidi dola 200,000. Princeton iliacha kuweka mikopo katika msaada wake tangu mwaka 2001. Bei iliyotangazwa, iwe kubwa au ndogo, haikuambii utalipa nini mpaka kalamu ile ipite.

Mistari inayomfuata mtoto na mistari inayobaki chuoni

Baadhi ya vipengele havipaswi kumfanya mzazi apendelee upande wowote, kwa sababu vitamfuata mwanafunzi popote aendapo. Ruzuku ya Pell ni mmojawapo. Hukokotolewa kutokana na fomu ya serikali ya FAFSA, ambayo siku hizi hutoa namba iitwayo SAI, kipimo cha uwezo wa familia kuchangia, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya mchango unaotarajiwa wa familia kuanzia mwaka wa masomo wa 2024–25. Kiwango cha juu cha Pell kimekuwa dola 7,395 kwa mwaka, na kwa wanafunzi wengi wanaopata sehemu yake tu, kiasi chao hupatikana kwa kutoa SAI katika kiwango hicho. Binti wa mfano wetu ana SAI ya 5,000, ndiyo maana anapata 2,395 katika barua zote mbili. Chuo kinachoitaja Pell kwa herufi nene kana kwamba ni ukarimu wake kinajipamba kwa nguo ya kuazima.

Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi nao ni ule ule kote. Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaruhusiwa kukopa hadi dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 mwaka wa pili, na 7,500 kila mwaka wa tatu na wa nne, yaani dola 27,000 kwa miaka minne. Katika zile 5,500 za mwanzo, zisizozidi 3,500 zinaweza kuwa za aina ambayo serikali hubeba riba mwanafunzi akiwa masomoni, iwapo ana uhitaji uliothibitishwa. Zinazobaki huanza kuhesabiwa riba tangu siku fedha zinapotolewa. Kwa mikopo ya mwaka 2025–26 riba ya shahada ya kwanza ni asilimia 6.39, nayo haibadiliki kwa maisha yote ya mkopo husika, ingawa mkopo wa mwaka unaofuata hupangiwa riba yake mpya kila tarehe 1 Julai.

Ruzuku ya chuo, ruzuku ya jimbo na ufadhili wa ufaulu ndivyo vinavyotofautisha barua. Ruzuku ya jimbo kwa kawaida hupotea mwanafunzi anapovuka mpaka kwenda kusoma jimbo jingine. Ruzuku ya chuo hutegemea uhitaji wa familia kwa jinsi chuo chenyewe kinavyoupima, na hapa ndipo inapojibiwa hoja ambayo wazazi wengi huiuliza kwa uchungu: kwa nini vyuo viwili vilivyosoma karatasi zile zile za kodi vikatoa majibu tofauti? Vyuo vya serikali kwa kawaida hutosheka na FAFSA, ambayo haiulizi thamani ya nyumba mnayoishi. Vyuo vingi vya binafsi huongeza fomu ya CSS Profile ya shirika la College Board, inayochimba zaidi: huuliza thamani ya nyumba, na pale wazazi walipotengana, vyuo vingi huitumia kudai taarifa za mzazi asiyeishi na mtoto, ilhali FAFSA humtaka yule tu aliyemgharamia mtoto zaidi katika miezi 12 iliyopita. Familia iliyomaliza kulipia nyumba yake lakini yenye mshahara mdogo inaweza kuonekana maskini kwa FAFSA na tajiri kwa CSS Profile, bila mtu yeyote kukosea.

Kazi ya chuoni nitaipitia haraka. Kiasi kilichoandikwa hakipunguzwi katika ankara. Ni kikomo cha kile ambacho mwanafunzi anaweza kukichuma kwa saa alizofanya kazi, tena baada ya kuitafuta kazi hiyo na kuipata. Itasaidia nauli na sabuni. Isiwekwe katika hesabu ya malipo ya mwezi wa Agosti.

Kuhusu gharama zenyewe, tofautisha zile zitakazoletwa kwa ankara na zile ambazo chuo kimekadiria tu. Ada na tozo hazina mjadala. Vitabu na usafiri ni makadirio, na chuo kinachotaka kuonekana nafuu kinaweza kuyakadiria chini. Kwa binti anayehitaji ndege kurudi nyumbani wakati wa likizo, dola 3,500 zilizowekwa na chuo cha mbali kwa vitabu, usafiri na matumizi yote ni chache, na mzazi afanye makadirio yake mwenyewe. Angalia pia bima ya afya: vyuo vingi huiingiza katika ankara moja kwa moja, nawe huwezi kuondolewa mpaka ujaze fomu ya kuonyesha kwamba mtoto amo katika bima ya familia.

Mwaka wa kwanza si mwaka wa nne

Barua zote mbili zinazungumzia mwaka mmoja, na kosa la kuzidisha kwa nne limeziumiza familia nyingi zilizokuwa makini kwa mengine yote. Ada hupanda karibu kila mwaka, lakini ruzuku nyingi za chuo na karibu ufadhili wote wa ufaulu huwekwa kwa kiasi kisichobadilika. Tukikisia kwamba gharama katika vyuo vyote viwili zinapanda kwa asilimia 4 kwa mwaka na fedha zisizorudishwa zinabaki pale pale, kufikia mwaka wa nne chuo cha binafsi kitakuwa na gharama ya jumla ya takribani dola 85,490, na kile cha jimbo takribani 34,871. Ukitoa ruzuku, familia inabaki na dola 37,095 upande mmoja na 24,976 upande wa pili. Pengo lililoanza na dola 6,500 limefika zaidi ya dola 12,000, kwa sababu tu asilimia 4 ya namba kubwa ni kubwa kuliko asilimia 4 ya namba ndogo.

Kisha kuna masharti. Ufadhili wa ufaulu wa dola 8,000 katika mfano wetu unaweza kudai mwanafunzi adumishe wastani wa alama wa 3.0 kati ya 4.0 au zaidi, na wanafunzi waliokuwa vinara sekondari huteleza katika muhula wa kwanza wa fizikia au uhandisi kama walivyoteleza wengine kabla yao. Ruzuku inayotokana na uhitaji kwa kawaida haina sharti gumu kama hilo, ila mwanafunzi aendelee vizuri vya kutosha na FAFSA ijazwe upya kila mwaka. Kwa hiyo dola 8,000 za ufaulu na dola 8,000 za uhitaji hazilingani, na mimi ningeiona ya pili kuwa salama zaidi kwa mtoto anayeingia fani ngumu. Iulizeni ofisi ya msaada wa kifedha maswali mawili kwa maandishi: je, ruzuku hii imeahidiwa kwa miaka minne ikiwa kipato chetu hakitabadilika, na je, ufadhili ukipotea kwa sababu ya alama unaweza kurejeshwa? Chuo kinachojibu kwa kuzungukazunguka kimeshajibu.

Jambo jingine ni ufadhili kutoka nje, kama ule wa kanisa, msikiti, mwajiri wa mzazi au taasisi ya jamii. Familia hudhani utaingia juu ya kile kilichopo. Vyuo vingi, hata hivyo, hupunguza ruzuku yao wenyewe kwa kiasi kile kile, hivyo mtoto aliyeandika insha kumi na kushinda dola 3,000 anakuta gharama yake haijapungua hata senti. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kuweka sheria ya kuvizuia vyuo vyake vya serikali kufanya hivyo, mwaka 2017, na majimbo mengine yamefuata. Pale ambapo hakuna sheria, sera za vyuo hutofautiana: vingine huanza kwa kupunguza mkopo na kazi ya chuoni, na hao ndio wa kuwapendelea iwapo mtoto ana ufadhili wa nje mkononi.

Kuziba pengo: mkopo wa mtoto, wa mzazi, au wa benki

Baada ya kalamu kupita, familia yetu inadaiwa dola 27,605 katika chuo cha binafsi. Mkopo wa mtoto wa 5,500 ukiingia, zinabaki 22,105. Ulinganisho wa njia za kuziba pengo hili unastahili muda zaidi kuliko unaopewa kwa kawaida, kwa sababu hapa ndipo kosa linapodumu miaka kumi au ishirini.

Mkopo wa serikali wa mwanafunzi ndio wa kuchukua kwanza katika karibu hali zote. Hauhitaji mdhamini wala historia ya mikopo, riba yake ni ya chini kuliko ya PLUS, una mipango ya kulipa kulingana na kipato, na hufutwa mwanafunzi akifariki. Ubaya wake ni kwamba kikomo chake ni kidogo, ingawa nashawishika kuamini kwamba kikomo hicho kimewaokoa vijana wengi kuliko kilivyowakwaza.

Mkopo wa PLUS huchukuliwa na mzazi kwa jina lake na hauhamishiwi kwa mtoto. Kwa mwaka 2025–26 riba yake ni asilimia 8.94, na kabla fedha hazijafika chuoni serikali hukata tozo ya asilimia 4.228. Kwa mkopo wa dola 19,105 uliopendekezwa katika barua, tozo hiyo ni takribani dola 808, hivyo chuoni zinafika kama dola 18,297 huku deni likiwa limeandikwa lote. Mkopo huo wa mwaka mmoja, ukilipwa kwa miaka 10, ni takribani dola 241 kila mwezi, na hapo bado mikopo ya miaka inayofuata.

Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeubadilisha mkopo huu kwa kiasi kikubwa. Zamani mzazi aliweza kukopa hadi gharama yote iliyobaki. Kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, kikomo ni dola 20,000 kwa mwaka na dola 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto, na mikopo mipya ya PLUS haina mipango ya kulipa kulingana na kipato. Rudi sasa kwenye barua ya chuo cha binafsi. Dola 19,105 kwa mwaka ziko ndani ya kikomo cha mwaka, lakini kwa miaka minne zinakuwa 76,420. Miaka mitatu ya kwanza itakula 57,315, na mwaka wa nne mzazi ataruhusiwa kukopa dola 7,685 tu, katika mwaka ule ule ambao ada iko juu kuliko miaka yote. Mpango ambao barua inauonyesha kuwa umekamilika unavunjika mtoto akiwa amebakiza mwaka mmoja kuhitimu, na hakuna mstari wowote katika barua unaosema hivyo.

Lipo jambo moja kuhusu PLUS ambalo ofisi za vyuo hazilitangazi sana. Mzazi akiomba akakataliwa kwa sababu ya historia mbaya ya mikopo, mtoto huruhusiwa kuongeza mkopo wake wa serikali, ambapo kikomo cha mwaka wa kwanza hupanda kutoka dola 5,500 hadi 9,500. Kwa familia nyingine kukataliwa huko kumekuwa afadhali, kwa kuwa riba ya mkopo wa mtoto ni nafuu na masharti yake ni mepesi.

Mkopo wa benki au kampuni binafsi unaweza kuwa na riba ya chini kuliko PLUS kwa mzazi mwenye historia nzuri sana ya mikopo, na mara nyingi hauna tozo ya kuutoa. Lakini riba yake inaweza kuwa ya kupanda na kushuka, karibu kila kijana wa miaka 18 atahitaji mdhamini, na mambo yakiharibika kinachotawala ni mkataba wenyewe bila ulinzi ule wa serikali. Tofauti ya asilimia moja au mbili ya riba haitoshi, kwa maoni yangu, kumshawishi mzazi ambaye ajira yake haina uhakika. Kwa mzazi mwenye ajira imara na atakayelipa ndani ya miaka michache, hesabu inaweza kwenda upande wa pili.

Kabla ya mkopo wowote wa wazazi, uliza kuhusu mpango wa malipo ya kila mwezi. Vyuo vingi huruhusu ankara ya muhula igawanywe kwa miezi minne au mitano bila riba, kwa ada ndogo ya kujiandikisha. Na wakati wa kuwasilisha kodi, kuna nafuu ya kodi ya elimu ya hadi dola 2,500 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa miaka minne, kwa familia ambayo kipato chake hakijavuka kiwango kilichowekwa. Inapatikana kwa chuo chochote kati ya hivi viwili, kwa hiyo haibadilishi ulinganisho, lakini inapunguza kiasi cha kukopa.

Rufaa: aina mbili zisizochanganywa

Barua ya kwanza si lazima iwe ya mwisho. Rufaa ziko za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu nyingi.

Ya kwanza inahusu hali ya familia kubadilika. FAFSA hutumia taarifa za kodi za miaka miwili nyuma; mtoto anayeanza chuo mwaka 2026 amepimwa kwa kipato cha mwaka 2024. Ikiwa mzazi amepoteza kazi tangu hapo, wazazi wametengana, au familia imelipa gharama kubwa za matibabu zisizofidiwa na bima, sheria ya elimu ya juu inampa ofisa wa msaada wa kifedha mamlaka ya kuzirekebisha takwimu za familia hiyo. Hii inawezekana katika chuo cha serikali na cha binafsi vile vile, na inaweza kuongeza hata Pell yenyewe. Inachohitaji ni nyaraka: barua ya kuachishwa kazi, hati za mwisho za mshahara, ankara za hospitali. Maelezo ya ukurasa mmoja yenye namba hufika mbali kuliko kurasa nne za kusihi.

Ya pili ni kuomba chuo kitazame upya kwa sababu chuo kingine kimetoa zaidi. Hii ina nafasi katika vyuo vya binafsi vinavyotoa ufadhili wa ufaulu na vinavyomtaka mwanafunzi huyo kwa kweli, na ina nafasi ndogo katika vyuo vikuu vya serikali ambavyo ufadhili wao hufuata jedwali. Vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vikuu vya binafsi vyenye hadhi kubwa kama Harvard na Princeton, havitoi kabisa ufadhili wa ufaulu, hivyo kutaja zawadi ya alama kutoka chuo kingine hakusaidii huko, ingawa vinaweza kuitazama barua ya uhitaji kutoka chuo kinacholingana navyo. Chuo unachokilinganisha nacho kiwe cha daraja moja, na ambatanisha barua yenyewe. Wala usitumie lugha ya sokoni. Maofisa hawa hawapendi kuambiwa wanapatana bei, hata pale ambapo ndicho wanachokifanya.

Mtoto naye ahusike. Sheria ya faragha ya kumbukumbu za elimu humpa mwanafunzi wa chuo haki juu ya taarifa zake, na ofisi inaweza kukataa kuzungumza na mzazi kwa simu hadi mwanafunzi atoe idhini. Katika rufaa ya aina ya pili, barua iliyoandikwa na binti mwenyewe, ikieleza kwa nini chuo hicho ndicho chaguo lake la kwanza, huwa na uzito kuliko ya mama yake.

Kwa familia za wahamiaji, mwenye ukaazi wa kudumu anahesabiwa sawa na raia katika FAFSA. Mwanafunzi anayekuja kwa viza ya masomo hapati msaada wowote wa serikali kuu; kwake mistari ya Pell na mikopo ya serikali haipo, na kinacholinganishwa ni fedha za chuo pekee.

Tukirudi kwa binti wetu, tuseme baba yake alipunguziwa saa za kazi mwaka jana, wakakata rufaa katika vyuo vyote viwili, chuo cha jimbo kikasema hakina zaidi, na kile cha binafsi kikaongeza ruzuku ya dola 5,000. Gharama halisi sasa ni 22,605 upande mmoja na 21,105 upande wa pili. Baada ya mkopo wa mwanafunzi na mshahara wa kazi ya chuoni, mzazi angehitaji kukopa dola 14,105 kwa mwaka katika chuo cha binafsi, yaani 56,420 kwa miaka minne iwapo gharama na mkopo wa mwanafunzi havitapanda, na nafasi iliyobaki chini ya kikomo cha PLUS, dola 8,580, itamezwa yote gharama ya jumla ikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka kama tulivyokisia awali. Pengo la dola 1,500 kwa mwaka wa kwanza ni dogo kiasi cha kuziacha sababu nyingine zizungumze: fani, ukubwa wa madarasa, uwezekano wa kumaliza kwa miaka minne badala ya mitano. Lakini kabla ya kulipa amana kufikia tarehe 1 Mei, mama anapaswa kutuma barua pepe moja zaidi akiuliza kama zile dola 5,000 ni za kila mwaka. Zikiwa za mwaka wa kwanza tu, mwaka wa pili pengo linarudi kuwa dola 6,500 na nyongeza ya ada, na kufikia wakati huo binti atakuwa ameshahamia bwenini.